Daktari wa Halab na Dawa ya Siku za Uzima



Jumamosi iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, tulikuwa tukikunja mikeka pale mama mmoja alipotufuata, akafungua mkoba wake na kututolea inhela mbili za pumu, moja ya buluu na nyingine ya kahawia. Mwanawe ana umri wa miaka 9, na inhela hizo alipewa zote mbili kwa siku moja, yapata miezi minne sasa. Usiku wa Jumatano mtoto alibanwa na kifua. Mama akaikimbilia ile ya buluu, akakuta imekwisha. Akachukua ya kahawia, iliyokuwa imelala kabatini tangu siku ilipokuja, akampulizia mara nne, akangoja, akampulizia mara nne nyingine. Mtoto hakupata nafuu yoyote. Saa nane za usiku wakampakia kwenye tuktuk kumkimbiza hospitali, na alhamdulillahi alirudi salama asubuhi.

"Basi niambieni," akatuuliza yule mama, "hii ya kahawia ni dawa au ni maji? Na kama ni maji, mbona ni ghali kuliko ile?"

Tulimwuliza kwa nini ilikuwa imelala kabatini muda wote huo. Akasema mtoto alikuwa hana neno, anacheza mpira, analala vyema. Amtilie nini dawa mtoto asiyeumwa? Isitoshe, shangazi yake mtoto alikuwa amemwonya kuwa akiizoea inhela hataweza kuishi bila ya inhela.

Hatukumcheka. Miongoni mwetu tunaoiandika safu hii wamo waliofanya vivyo hivyo na watoto wao, tena zaidi ya mara moja. Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani mwenyewe, kwani dawa ya pumu ya kutumiwa siku za uzima haikuwapo zamani. Ilibidi mtu aitafute. Wiki hii, kwa idhini ya mama huyo, tumeona tuwasimulie habari za daktari mmoja aliyezaliwa katika mji wa Halab, nchini Syria, ambaye alitumia takriban miaka 8 ya maisha yake akijitia pumu kwa makusudi ili aipate dawa ya namna hiyo.

Jina lake ni Roger Altounyan. Alizaliwa mwaka 1922 katika familia ya madaktari. Babu yake, Mwarmenia, ndiye aliyeanzisha hospitali ya familia hiyo mjini Halab. Baba yake alikuwa daktari katika hospitali hiyo hiyo. Na mama yake alikuwa Mwingereza. Watoto wa nyumba ile walikulia Syria, na baadhi ya likizo zao wakazipitisha kwa jamaa za mama yao, kaskazini mwa Uingereza, penye maziwa na milima. Huko ndiko walikofundishwa kuendesha mashua za tanga, na mwandishi Arthur Ransome, rafiki wa familia, akawatungia kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 1930 na ambacho kingali kikisomwa hadi leo, Swallows and Amazons. Yule mtoto mdogo wa mashuani anayeitwa Roger ndiye huyu huyu. Inasemekana kuwa Ransome alikitoa kitabu kile kama shukrani kwa jozi ya viatu vya ndani alivyoletewa zawadi na watoto hao. Tumelitaja jambo hili kwa sababu wako watoto wa shule miongoni mwa wasomaji wetu ambao huenda wamekutana na kitabu hicho maktabani.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Altounyan alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza na mwalimu wa marubani. Vita vilipomalizika akasomea udaktari Cambridge na London, kisha akarudi Halab kuitumikia hospitali ya wazee wake. Mwaka 1956, mwaka wa vita vya Suez, familia ikalazimika kuondoka Syria. Alifika Uingereza akiwa daktari asiye na hospitali, mwenye ukurutu katika ngozi na pumu kifuani, akaajiriwa na kampuni ya kutengeneza dawa iitwayo Bengers, katika jimbo la Cheshire, iliyokuwa sehemu ya kampuni ya Fisons.

Kabla hatujaendelea naye, hapana budi tueleze kidogo pumu ni nini, maana bila ya kulijua hilo kisa chote hakitaeleweka. Pumzi huingia mapafuni kwa vijia vinavyogawanyika mfano wa matawi ya mti. Mwenye pumu, vijia vyake huwa vyepesi kukasirika. Vikiguswa na moshi, vumbi, manyoya ya paka au mafua, mambo matatu hutokea: misuli inayovizunguka hukaza, utando wa ndani huvimba, na ute mzito hujaa. Hapo ndipo kifua hulia filimbi na mtoto akaanza kupigania pumzi. Misuli hukaza kwa dakika chache na huweza kulegezwa kwa dakika chache. Uvimbe ni habari nyingine. Uvimbe huweza kuwapo siku nzima na wiki nzima, mtoto akiwa anacheza mpira wala hakohoi. Mama zetu walikuwa wakifunika kaa la moto kwa jivu usiku ili asubuhi walivuvie liwake. Kifua cha mwenye pumu, siku zake za utulivu, aghalabu kiko katika hali hiyo hiyo.

Dawa zilizokuwapo wakati Altounyan anaanza kazi, zile alizokuwa akipewa mtu usiku wa kubanwa, zilikuwa za kulegeza misuli: sindano ya adrenalini, vidonge vya efedrini, na kuanzia mwaka 1956 inhela ya kwanza ya kubonyeza yenye dawa iitwayo isoprenalini. Zilifaa, wala hatuzidharau. Lakini zilimngoja mtu abanwe kwanza. Katika miaka ya 1960 vifo vya vijana kwa pumu viliongezeka Uingereza na katika nchi nyingine kadhaa, na madaktari wengi wakazishuku inhela kali za isoprenalini ambazo wagonjwa walizibonyeza tena na tena, huku ugonjwa ukizidi chini kwa chini.

Sasa tuje kwenye mmea. Katika nchi ya Misri na jirani zake humea mmea uitwao khella. Ni wa ukoo mmoja na giligilani na uzile tunaotia katika vyakula vyetu. Maua yake meupe hukaa juu kama mwavuli, na vijiti vya ua lake vikikauka watu huvitumia kuchokolea meno. Tangu zama za kale Wamisri wameitumia khella kwa maumivu ya figo na vijiwe vya mkojo. Katika miaka ya 1940 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Urusi, Gleb Anrep, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aliona ajabu: mfanyakazi wake wa maabara, mwenye maumivu ya moyo, alipata nafuu ya moyo baada ya kunywa khella kwa maradhi mengine. Uchunguzi ukaonyesha kuwa kiini cha mmea huo, khelini, hulegeza misuli iliyokaza, na si ile ya mishipa ya moyo peke yake. Ubaya wake ni kuwa iliwatia wagonjwa kichefuchefu kisichovumilika. Ndipo wakemia wa Bengers wakaanza kuichukua khelini na kuibadilisha kidogo kidogo maabarani, wakitafuta jamaa yake aliye mpole zaidi.

(Misri ina historia ndefu na pumu. Matabibu wa Kiarabu waliuita ugonjwa huu rabu, na mwishoni mwa karne ya 12 tabibu Myahudi Musa bin Maymun, aliyekuwa Cairo wakati wa dola ya Salahuddin, alimwandikia mgonjwa wake mtukufu risala nzima kwa Kiarabu juu ya maradhi hayo.)

Wengine katika kampuni waliwajaribia simbilisi michanganyo ile, yule mnyama mdogo wa manyoya aliye jamaa wa panya. Altounyan hakuridhika. Alishikilia kuwa pumu inayotengenezwa kwa simbilisi si pumu ya binadamu, na kwamba dawa iliyoshindwa kwa mnyama huenda ikamfaa mtu. Naye alikuwa na mtu aliye karibu sana, anayepatikana kila siku, na asiyelalamika.

Yeye mwenyewe alikuwa na mzio wa manyoya ya simbilisi. Basi akatengeneza maji yaliyotokana na manyoya yale, akayageuza kuwa mvuke mwembamba, akauvuta ndani ya mapafu yake. Kifua kikambana, kama alivyotaraji. Akapima kwa mashine ni kiasi gani cha pumzi aliweza kukitoa, akaandika. Siku nyingine akavuta kwanza mchanganyo mmojawapo wa wakemia, kisha akavuta mvuke ule ule wa manyoya, akapima tena, akalinganisha. Kama kifua kilibana vile vile, mchanganyo ule ulitupwa na mwingine ukaletwa. Alifanya hivyo mamia ya mara. Tunaomba msomaji aliyewahi kumshika mtoto wake usiku akipigania pumzi atafakari maana yake: mtu mwenye kuijua hofu ile, anaiita kwa hiari yake, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka.

Hatusemi kuwa hiyo ni njia ya kufuatwa. Siku hizi utafiti wa namna hiyo haungeruhusiwa kwa wepesi, na ni haki yake usiruhusiwe. Mtu mmoja anayejipima mwenyewe aweza kudanganyika, na aweza kufa. Lakini tukumbuke pia kuwa dawa nyingi tunazozibeza kabatini zilimgharimu mtu fulani pumzi zake.

Jambo moja lilijitokeza mapema na likawashangaza wengi. Baadhi ya michanganyo ile haikufungua kifua kilichobana. Ilikuwa haina faida kabisa kwa mtu aliyekwisha kubanwa. Ila mtu akiivuta kabla, yule adui akija anakuta mlango umefungwa. Kwa mwenye kutafuta dawa kama zile zilizozoeleka, matokeo hayo yalikuwa hasara, na inasimuliwa kuwa wakuu wa kampuni walikata tamaa wakaamuru kazi ile iachwe, naye na wenzake wachache wakaendelea nayo pembeni. Altounyan aliona walichokuwa hawakioni wengine, kuwa kuizuia pumu isije ni jambo tofauti na kuiondoa ikishakuja, na ni jambo kubwa zaidi.

Mwaka 1965 ukapatikana mchanganyo uliokuwa bora kuliko yote, uliopewa jina la kromoglikati ya sodiamu. Haumo katika mmea wa khella. Ni mtoto wa maabara ambaye babu yake ni khella. Tunalisisitiza hili kwa sababu tunawajua wasomaji wetu, na tunajua kuwa wako watakaoulizia khella sokoni kesho asubuhi. Msimchemshie mtoto mwenye pumu. Si dawa hiyo.

Wakati ule ilidhaniwa kuwa dawa hiyo hutuliza seli fulani zilizotapakaa katika vijia vya hewa, zilizosheheni kemikali kama histamini mfano wa magunia yaliyojaa. Kitu chenye mzio kikiingia, magunia yale hupasuka na kumwaga vilivyomo, na uvimbe ukaanza. Kromoglikati iliyazuia magunia yasipasuke. Wataalamu wa baadaye wameona kuwa habari ni ndefu zaidi ya hapo, lakini kwa matumizi yetu maelezo hayo yatosha.

Palibaki tatizo. Dawa ile ikimezwa huingia mwilini kidogo mno, basi sharti ifike mapafuni kwenyewe, nayo ni unga mkavu. Utauingizaje unga kifuani mwa mtoto? Hapa ndipo urubani wake ulipomfaa. Alikumbuka panga la ndege linavyozunguka, akashiriki kubuni chombo kidogo kilichoitwa Spinhaler: kidonge chenye unga kinakaa juu ya kipanga kidogo, kinatobolewa, na mgonjwa akivuta pumzi kwa nguvu kipanga kinazunguka na kuurusha unga katika hewa anayoivuta. Hakuna kubonyeza wala gesi. Pumzi ya mgonjwa mwenyewe ndiyo inayoendesha mtambo. Inhela za unga zilizojaa leo katika maduka ya dawa ni wajukuu wa kile chombo.

Dawa ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1968 kwa jina la Intal. Watoto wengi waliokuwa wakikosa shule na kulala hospitali waliweza kuishi kama watoto wenzao, na madhara yake yalikuwa machache sana. Lakini ilihitaji kuvutwa mara nne kwa siku, kila siku, mtu akiwa mzima. Na aliyeivuta wakati amebanwa hakupata kitu ila kikohozi cha unga.

Miaka michache baadaye, mwaka 1972, ikaja Uingereza inhela ya beklometasoni, ambayo ni steroidi ya kuvuta. Nayo ni dawa ya kuzuia, ina nguvu zaidi, na mara mbili kwa siku zatosha. Polepole Intal ikaachwa, na leo ni nadra daktari kuiandika kwa ajili ya pumu. Kromoglikati haikufa, hata hivyo. Mzazi ambaye mtoto wake huwashwa na macho hadi yakawa mekundu, akapewa matone ya kutia kila siku kwa wiki kadhaa, asome jina lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye chupa. Aghalabu atalikuta humo. Nayo pia haiponyi papo hapo, na wengi huitupa siku ya tatu wakidhani wameuziwa maji. Altounyan alifariki mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 65.

Turudi sasa kwa mama yetu na inhela yake ya kahawia. Ile ndiyo mrithi wa kazi ya Altounyan. Ni beklometasoni, inaondoa uvimbe, na huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Usiku wa Jumatano ilikuwa kama kumwita fundi wa paa wakati mvua imekwisha kuingia ndani. Si maji, ilikosewa wakati tu. Ya buluu ni salbutamoli, inalegeza misuli kwa dakika chache, na uvimbe hauugusi. Tunaongeza kuwa rangi si sheria. Kampuni hubadilisha rangi, na ziko inhela zenye dawa mbili ndani yake. Someni jina, na mwulizeni mfamasia: hii ni ya kuzuia au ya kuokoa?

Ama maneno ya shangazi, kuwa mtoto ataizoea, tumeyasikia katika kila nyumba. Steroidi ya kuvuta haimfanyi mtu mtumwa. Mtoto anayeihitaji muda mrefu anaihitaji kwa kuwa ugonjwa wake ni wa muda mrefu, kama mwenye sukari anavyohitaji dawa yake. Kipimo chenyewe ni kidogo: mtoto wa umri huo huvuta yapata mikrogramu 100 hadi 200 kwa siku, na kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5, ambacho hupewa mtu akizidiwa, kina mikrogramu 5,000. Mtoto anayeachwa bila ya kinga huishia kumeza vidonge hivyo mara kwa mara. Hatutaficha kuwa utafiti umeonyesha watoto wanaoivuta kwa muda mrefu huweza kupungukiwa na kimo kwa kiasi cha sentimita 1 hivi. Mzazi ana haki ya kulijua hilo na kulizungumza na daktari. Nasi tukipima sentimita moja na usiku ule wa tuktuk, hatuoni shida kuchagua. Baada ya kuivuta, mtoto asukutue kinywa na kuyatema maji, ili asiote utando mweupe ulimini. Kwa wanaotawadha asubuhi na jioni, hilo si mzigo.

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na dawa nyingi huishia ulimini. Huhitaji kopo la kuvutia dawa, na makopo hayo dukani huwa ghali. Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 1999 utafiti ulioonyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa kadiri ya mdomo wa inhela na kuzibwa vyema pembeni, ilifanya kazi sawa na kopo la kununua kwa watoto waliobanwa. Kikombe cha plastiki laini hakikufaa vile. Mwombeni muuguzi wa kliniki awaonyeshe namna ya kuitengeneza, maana tundu likiachwa wazi pembeni faida inapungua.

Wakubwa nao wasijitoe. Wako akina mama wanaoificha inhela ya buluu ndani ya mkoba na kuivuta chooni, na mabinti wanaoambiwa wasionekane nayo mpaka posa ipite. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu unasema kuwa mtu mzima, na kijana kuanzia miaka 12, asitibiwe kwa ile ya kuokoa peke yake, hata kama pumu yake ni ndogo. Sharti awe na dawa yenye steroidi ndani yake. Anayetumia ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki hana udhibiti wa pumu yake, na ni vyema arudi kwa daktari.

Wengi wanatuuliza kuhusu Ramadhani. Wanazuoni wamehitilafiana kama inhela inafunguza au la, nasi si watu wa kutoa fatwa katika safu hii. Mwulizeni sheikh mnayemwamini. Tunalosema ni kuwa ya kuzuia, kwa kuwa ni mara mbili kwa siku, huweza kuvutwa baada ya futari na wakati wa daku, wala isiachwe mwezi mzima. Na aliyebanwa mchana avute ile ya buluu pale pale bila kungoja adhana ya Magharibi. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake ya kulipa siku nyingine.

La mwisho ni la nyumba zetu, na tunajua halitapendwa. Moshi wa udi na ubani, hata ukiwa wa thamani, ni moshi. Kadhalika dawa ya mbu ya kuchoma, jiko la mkaa ndani ya chumba, na godoro kuukuu la sufi lisilowahi kuona jua. Penye mtoto mwenye pumu, chetezo kiwashwe akiwa hayupo na madirisha yawe wazi, au kisiwashwe. Na mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, midomo ikigeuka rangi, au ya buluu isipomfaa, hapo hapana tena habari ya kungoja asubuhi. Endeleeni kumpulizia ya buluu njiani mkielekea hospitali.

Yule mama tulikutana naye tena Jumatano hii. Inhela ya kahawia ameitoa kabatini, ameiweka kwenye kikombe cha miswaki, ili mtoto aivute baada ya Alfajiri na kabla ya kulala. Inhela ya buluu amenunua mpya. Hiyo huwa na mipulizo 200 tu, na tulimweleza kuwa ikishafika hapo yaweza kuendelea kutoa upepo bila ya dawa ndani yake. Ametundika kijidaftari ukutani kwa uzi, karibu na swichi ya taa, na kila anapomvutisha mtoto anapiga mstari mmoja.